Muhuri Uliofungiwa Kabatini

Ile "ka" iliyokatiza hadithi wiki iliyopita, nasikia wapo waliolala nayo wakidhani ni bastola. Haikuwa bastola. Ilikuwa kufuli dogo la shaba, ukubwa wa biskuti, na aliyelibana ni mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kulibana siku ile.

Alilibana Bi Funguo mwenyewe. Kwa vidole vyake, huku akitazama pembeni.

Karani wa leseni aligeuka polepole, kidau cha wino mkononi. Watu humwita Miwani, kwa sababu ukimvua miwani yake hakuna uso unaobaki.

"Mama," akasema, "umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Hilo kufuli."

Bi Funguo akautazama mkono wake kama anautazama mkono wa mtu mwingine.

Msomaji, usimlaumu haraka. Miaka ishirini na sita mama huyu amekuwa fundi wa kufuli. Kufuli lililo wazi linaloning'inia kwenye komeo linamkera kama wewe unavyokerwa na kifungo cha shati kilichoachwa wazi kwenye kitambi cha mtu. Akiliona, vidole vinakwenda vyenyewe. Amewahi kufunga kufuli la lango la hospitali huku mganga mkuu akiwa nje, la choo cha stesheni huku abiria yumo ndani, na inasemekana aliwahi kulibana la gereza akiwa upande wa ndani, akawaomba wafungwa radhi, kisha akajifungulia kwa pini ya nywele na kulibana tena alipotoka.

"Si kitu," akasema. "Chukua ufunguo ufungue."

Miwani akameza mate. "Ufunguo uko ndani. Niliuweka rafuni nikichukua wino."

"Na wa akiba?"

"Anao bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Kwenye semina ya sheria mpya. Safari ya saa nne kwa gari."

Bi Funguo akacheka kidogo. "Basi, mwanangu, una bahati. Umesimama na fundi." Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cheusi chenye vifaa vyake.

"Mama, usiguse," Miwani akasema, na sauti ikampasuka. "Ukigusa, unaenda jela."

Hapo ndipo kicheko kilipomwisha.

Kwa aliyechelewa kutufuata, mambo yako hivi. Serikali imetoa sheria tatu kwa mpigo, na zote zinaanza kuuma siku moja, yaani siku hiyo hiyo.

Ya kwanza ni ya leseni. Asiye na leseni mpya haruhusiwi kugusa kwa chombo kufuli la mtu mwingine. Hata kama mwenye kufuli ndiye aliyemwita na kumwekea kiti.

Ya pili ni ya bima. Hupati leseni mpya bila bima. Na kampuni za bima, ukienda, zinakuuliza leseni iko wapi. Mwezi mzima Bi Funguo alikuwa akizungushwa kati ya milango hiyo miwili, viatu vikaisha upande mmoja.

Ya tatu ni ya uchaguzi. Kila mgombea lazima fomu zake zipite ofisi ya leseni, zikaguliwe kama biashara zake zote zina leseni na bima, zifungiwe kabatini na zigongwe muhuri. Mwisho wa muhuri, wa leseni na wa fomu, ni saa tisa na nusu alasiri.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro kumi na tano.

Bi Funguo asipogongewa muhuri kabla ya saa tisa na nusu, kesho asubuhi karakana yake itafungwa kwa nyaya na kupigwa lakiri. Na nyuma ya karakana hiyo kuna chumba kimoja chenye kitanda kimoja, na kitanda hicho ni chake. Hana kwingine. Wakifunga kazi, wamefunga na nyumba.

Leseni yake ilikuwa imeshaandikwa. Ilikuwa mezani. Jina lake liko, picha yake iko, kidau cha wino kiko. Kilichokosekana ni muhuri, na muhuri ulikuwa kabatini, nyuma ya kufuli alilolibana mwenyewe.

"Vunja komeo," akasema Bi Funguo. "Tafuta nyundo."

"Mna fomu za mgombea humu. Kabati lenye fomu likivunjwa, sheria inasema fomu zimechezewa. Zinafutwa. Na mimi nafutwa pamoja nazo."

"Mwite fundi mwenye leseni."

Miwani akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. "Hakuna, mama. Wewe ndiye ulikuwa uwe wa kwanza."

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia kijana mwenye mkoba wa ngozi na tai pana kama ulimi wa ng'ombe. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. Huyu ni wakala wa bima, na zaidi ya hapo ni mkwe wa Bi Funguo, amemwoa binti yake wa pekee, ambaye sasa ana ujauzito wa miezi minane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, amevimba miguu tu. Mama, mbona hamjamaliza? Nilikwambia ile bima ni ya saa sita. Imeanza saa tatu na nusu asubuhi, inakufa saa tisa na nusu. Haiongezwi hata dakika."

Maana kijana huyu, kwa kumwonea huruma mama mkwe wake, alikuwa amekesha na vitabu vya kampuni mpaka akapata mwanya. Bima ya muda. Inatolewa kwa mtu ambaye leseni yake inagongwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kuitumia tangu kampuni ianze.

Wakamweleza. Walipofika kwenye "ka", akakaa juu ya mkoba wake.

"Mama, wewe?"

"Mimi."

"Hata pale? Leo?"

"Usinihoji kama mume wangu, mkwe. Tafuta njia."

Mkwe akapekua kijitabu cha bima. Akapekua tena. "Ukifungua bila leseni, bima inajifuta papo hapo. Bima ikijifuta, hakuna leseni."

"Na bila leseni siwezi kufungua."

"Ndiyo."

"Na bila kufungua hakuna leseni."

"Ndiyo, mama."

"Aliyetunga hii sheria alikuwa amekula nini?"

"Wali na maharage," ikasema sauti nyuma yao. "Na mtunzi ni mimi."

Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni.

Mnamkumbuka. Diwani, mgombea wa ubunge, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Ndiye aliyesimama redioni akasema fundi wa kufuli asiye na leseni ni mwizi anayesubiri giza. Bi Funguo alikuwa akichonga ufunguo aliposikia maneno hayo, na ufunguo ule aliuharibu.

"Mama yangu, habari za kazi?" Mheshimiwa akanyoosha mkono.

"Kazi umeichukua, mheshimiwa. Habari ndizo zimebaki."

Akacheka, akaurudisha mkono mfukoni. "Karani, nipe fomu zangu zilizogongwa muhuri. Natakiwa nizifikishe kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa kumi."

Miwani akamwonyesha kufuli kwa kidevu. Akamweleza kwa sentensi tatu, ya tatu ikiwa imekatika katikati.

Uso wa Mheshimiwa ulishuka hatua kwa hatua, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Fomu zangu zimo humo?"

"Zimo."

"Na saa tisa na nusu ikipita?"

"Zimekwisha, mheshimiwa. Umetoka kwenye uchaguzi."

Feni ya dari ilizunguka mara tatu ikikwaruza.

Mheshimiwa akamgeukia Bi Funguo, na sauti ya kubembeleza ikawa sauti ya kuomba. "Mama, wewe si fundi? Fungua tu. Hapa sote ni ndugu."

"Bila leseni?"

"Nani atasema?"

"Mimi ni mwizi, mheshimiwa. Nasubiri giza. Huu si mchana?"

Mkwe akakohoa kuficha kicheko, akashindwa, akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

"Mama yangu, ile ilikuwa siasa."

"Basi niandikie. Andika kwamba wewe umeniruhusu kufungua bila leseni, utie sahihi yako."

Mheshimiwa akatoa kalamu. Akaishika. Akaitazama. Akairudisha.

"Nikiandika hivyo nimevunja sheria yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, siku ya fomu. Wapinzani wataibandika kila ukuta."

"Kumbe unaijua."

Saa tisa kamili.

Bi Funguo akakaa kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze hadithi hii, alikaa kama mtu aliyechoka. Akafunga macho. Akaiona karakana yake imezungushwa nyaya, na yeye amesimama barabarani na godoro. Akamwona binti yake na mimba yake akimwambia, "Njoo ukae na sisi, mama," katika kile chumba kimoja cha kupanga ambako hata mtoto atakayezaliwa hajapata pa kulazwa. Machozi yakamjia, akayafuta kabla ya mtu kuyaona. Mkwe aliyaona.

"Mama..."

"Nisomee tena," akasema, macho bado yamefumbwa. "Hiyo sheria. Neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza."

Miwani akasoma. "Ni kosa kwa mtu asiye na leseni kugusa kwa chombo kufuli la mtu mwingine."

"La mtu mwingine?"

"La mtu mwingine."

"Kabati hili amekabidhiwa nani?"

"Mimi. Nimetia sahihi kwenye daftari la vifaa."

Bi Funguo akafumbua macho. "Basi kufuli ni lako. Lifungue."

"Kwa chombo gani? Ufunguo uko nda..."

Akaishia hapo. Maana Bi Funguo alikuwa ameshakitandaza kile kitambaa cheusi juu ya meza, vifaa vimejipanga kama vya daktari wa meno, na alikuwa amerudisha mikono yake nyuma ya mgongo, kiganja ndani ya kiganja.

"Chukua hicho kilichopinda kama herufi L. Halafu hicho chenye ncha kama ndoano. Mimi sigusi. Nasema tu."

Miwani akamtazama mkwe. Mkwe akapekua kijitabu mbio mbio, kidole kikitembea mstari kwa mstari.

"Kusema hakujatajwa," akasema. "Bima haijui kitu chochote kuhusu kusema."

"Haraka, kijana," akasema Mheshimiwa.

"Usimharakishe," akasema Bi Funguo. "Ukimharakisha ataponda pini, na hapo tutakwenda kulala wote. Mwanangu, sogea. Piga goti. Hiyo L ingiza chini kabisa ya tundu. Sasa izungushe kidogo kulia, kama unampapasa paka asiyekujua. Usikaze."

"Sijakaza."

"Umekaza. Naona kucha zako zimekuwa nyeupe."

Miwani akalegeza. Jasho lilimtoka kwenye paji likaingia ndani ya miwani.

"Humo ndani kuna vijipini vitano vimesimama mstari. Vimekaa na uchungu, kila kimoja kwa wakati wake. Ingiza ndoano mpaka mwisho, kisha uisukume juu. Unasikia nini?"

"Hakuna."

"Hicho hakijakasirika. Rudi nyuma, kinachofuata."

"Hakuna."

"Kinachofuata."

"Hiki kigumu."

"Ndiye mkubwa wao. Mbembeleze juu. Polepole. Kama unamwinua mzee kitini."

Kitu kikasema *ti*.

Miwani akashtuka nusura aangushe kila kitu. "Kimesema."

"Kimesema. Usijibu. Mkono wa kushoto usilegee, ukilegea wote wanakaa chini tunaanza upya."

Saa tisa na dakika nane.

Wa pili akaitika. Wa tatu akaitika. Mheshimiwa alikuwa ameinama mpaka tumbo lake likagusa bega la karani, na Bi Funguo akamwambia asogee, anamnyima mtu pumzi. Akasogea bila ubishi, na hilo nalo lilikuwa jambo la kuandikwa.

Kwenye wa nne mkono wa kushoto wa Miwani ukalegea. L ikateleza. Vijipini vyote vitatu vikarudi chini kwa mkupuo, *trrr*, kama kicheko.

Miwani akakaa sakafuni. "Siwezi, mama. Mimi ni mtu wa karatasi."

"Umeoa?"

"Bado."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Ungempeleka akalale wapi, wangemfungia mlango kesho asubuhi?"

Miwani akapiga goti tena. Safari hii aliivua miwani kabisa, akaiweka juu ya kabati, akafunga macho. Na Bi Funguo, mikono nyuma, akamnong'oneza sikioni kama anamtoa mtoto usingizini. Rudi nyuma. Hapo. Juu. Kidogo. Hapo.

*Ti.* *Ti.* *Ti.* *Ti.*

Wa tano alikuwa mbishi. Dakika tatu nzima.

Kisha kufuli likaruka wazi mikononi mwa karani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeruka nyuma.

Saa tisa na dakika kumi na saba. Muhuri ulikuwa rafuni, mpini wa mbao umechongeka, umelala juu ya ufunguo.

Mkwe akamkumbatia mama mkwe wake, kisha akakumbuka adabu, akamwachia, akabaki akimtikisa mkono bila kukoma. Midomo ya Bi Funguo ilikuwa ikicheza tu.

"Fomu zangu," akasema Mheshimiwa.

Miwani alikuwa amevaa miwani yake, na pamoja nayo akawa amevaa tena ukarani. Ametoka kupiga magoti, amerudi kwenye vifungu. "Mama alitangulia kwenye foleni. Lakini nikague, nisikupotezee muda." Akafungua faili la mgombea. Akasoma. Akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Mheshimiwa, ghala lako la mitungi ya gesi."

"Limefanyaje?"

"Lile linalopakana na shule ya chekechea. Bima yake imeisha tangu mwezi uliopita. Siwezi kugonga."

"Nitalipa kesho."

"Sheria inasema kabla."

"Sheria niliitunga mimi, kijana."

"Ndiyo, mheshimiwa. Umeitunga vizuri."

Nawaambia, mtu mnene akikosa pumzi inaonekana. Macho ya Mheshimiwa yalitembea, yakatoka kwenye faili, yakaenda kwenye leseni iliyokuwa mezani, yakatua kwa Bi Funguo.

"Na huyu mama? Bima yake kaipata wapi?"

"Kwangu," akasema mkwe, kifua mbele. "Ya muda. Halali kabisa."

"Kampuni gani?"

Mkwe akaitaja, kwa fahari.

"Ah," akasema Mheshimiwa. "Mkurugenzi wenu ni rafiki yangu. Tunacheza naye bao."

Akatoka nje ya ofisi, simu sikioni.

Mkwe alibaki ameutazama mlango. Kifua kikarudi ndani.

"Harakisha, bwana karani," akasema Bi Funguo.

Lakini karani hakimbii. Daftari lina safu tisa, na safu tisa lazima zijazwe. Jina. Kazi. Namba ya karakana. Kalamu ikakauka kwenye safu ya tano, akatafuta nyingine. Saa tisa na dakika ishirini na tatu. Mheshimiwa akarudi, akaegemea mlango, akatabasamu.

Simu ya mkwe ikatetemeka mfukoni.

Akaitoa. Akasoma. Nami nitakusomea, maana yeye hakumsomea mtu. *Bima ya muda ya yule fundi wa kufuli imefutwa sasa hivi. Mwambie karani mara moja. Ukinyamaza, kosa ni lako na jela ni yako.* Chini yake, jina la mkurugenzi.

Miwani akainua muhuri, akaubonyeza kwenye wino. "Safu ya mwisho. Lazima niulize kwa sauti. Wakala, bima ya mteja huyu ipo hai?"

Feni ya dari ikakwaruza.

Mkwe akamtazama mama mkwe wake, aliyesimama mikono bado nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani. Akafikiri juu ya mkewe na miguu iliyovimba. Akafikiri juu ya jela. Akafikiri juu ya godoro barabarani.

"Ipo hai," akasema.

Muhuri ukashuka. *Pu.*

Bi Funguo akaichukua leseni yake kwa mikono miwili. Aliupuliza wino kama anapuliza uji wa mtoto. Alikuwa amesahau namna ya kucheka, akaanza kujikumbusha.

"Kijana," akasema Mheshimiwa kwa upole, "mbona humwonyeshi karani ule ujumbe?"

Uso wa mkwe ukawa kama majivu.

"Ujumbe gani?" Miwani akauliza.

"Bima ya huyu mama imekufa dakika chache zilizopita. Kijana anajua. Amedanganya mbele ya ofisi, na wewe umegonga muhuri juu ya uongo." Mheshimiwa akajongea mezani. "Lakini sisi ni watu wazima. Nigongee na zangu. Ghala halikuonekana, ujumbe haukusomwa. Mama anakwenda nyumbani na leseni, kijana anakwenda kwa mkewe, mimi nakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi. Tutakuwa tumesaidiana."

Bi Funguo akamgeukia mkwewe. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Kabla muhuri haujashuka."

"Na ukasema ipo hai."

"Ningekwambiaje, mama? Ningesema imekufa, ungelala wapi?"

Saa tisa na dakika ishirini na sita.

Msomaji, angeweza kunyamaza. Ungenyamaza wewe, ningenyamaza mimi, tena kwa raha. Ng'ambo ya ukuta wa lile ghala la gesi kuna watoto wa chekechea, lakini ukuta ule si wako. Bi Funguo aliitazama leseni. Aliitazama kwa muda ambao mtu humtazama anayesafiri.

Kisha akavuta simu ya mezani, akabonyeza namba iliyokuwa imeandikwa kwenye karatasi ya bima. Akabonyeza na kitufe cha sauti ya nje, kila mtu asikie.

"Unafanya nini?" Mheshimiwa akauliza.

"Nafungua."

Simu ikaita. Ikaita. Huku ikiita, Bi Funguo akaisukuma leseni yake juu ya meza, taratibu, mpaka chini ya mkono wa karani.

"Mkwe wangu hakusema kitu," akamwambia Miwani. "Aliyejibu kwamba ipo hai ni mimi. Wewe ulikuwa umeinama, hukuona mdomo wa nani. Iandike hivyo."

"Mama, usifanye hivyo," mkwe akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Nyamaza, baba. Una mtoto njiani."

Midomo ya Miwani ilikuwa imekauka. Huyu ni mtu wa karatasi, amewaambia mwenyewe, na kifungu anakijua kwa moyo. Leseni iliyogongwa bila bima lazima ichanwe hapo hapo, mbele ya mwenye nayo. Aliishika. Mikono ile ile iliyobembeleza vijipini vitano ikaishika leseni huku na huku.

"Nisamehe, mama," akasema, akaichana katikati.

Simu ikapokelewa.

"Bima, dawati la wateja, nikusaidie nini?" Sauti ya binti, ya kazini, isiyo na haraka.

"Mwanangu, mimi ni fundi wa kufuli. Nina ile bima yenu ya saa sita. Nimeambiwa imefutwa. Nimepiga kuungama kwamba nilidanganya ofisi ya leseni."

Wakasikia vidole vikichapa.

"Fundi wa kufuli... nakuona, mama. Bima yako iko hai mpaka saa tisa na nusu. Haijaguswa. Hata mkurugenzi hawezi kuifuta mtu akiwa ndani ya saa zake sita, lazima kikao kikae. Nani amekwambia imefutwa?"

Miwani alikuwa ametazama vipande viwili vya karatasi, kimoja kila mkono, na jina la Bi Funguo limegawanyika katikati.

"Halo? Mama, bado upo?"

"Andika nyingine," mkwe akamfokea karani. "Andika nyingine sasa hivi, fomu tupu iko wapi?"

Miwani akavuta droo, akatoa fomu, akaanza kuandika mbio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, wino ukiruka. Saa tisa na dakika ishirini na tisa. Jina. Kazi. Karakana. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni ya kidau, bila kutazama, kuuchukua muhuri.

Mkono ukapapasa meza tupu.

Mheshimiwa alikuwa ameshafika mlangoni, na ule mpini wa mbao ulikuwa ukichungulia kati ya vidole vyake.